Santuri Tatu za Wimbo wa Meli

Wimbo wa meli niliujua kabla sijawahi kuiona santuri kwa macho. Niliujua kwa sauti ya dada yangu mkubwa, kule kwetu Ijumbi, tulipokuwa tukiteremka kuchota maji asubuhi. Dada aliupata kwa utingo wa lori lililokuja kuchukua kahawa, na utingo aliusikia Bukoba mjini, nje ya duka la nguo ambako mwenye duka alikuwa akiweka gramafoni mlangoni ili kuvuta wateja. Kwa hiyo wimbo ulipotufikia sisi ulikuwa umekwisha kupita midomo kadhaa, na Kiswahili chetu kilikuwa cha darasani tu, cha kusoma ubaoni na kuitikia kwa pamoja.

Ulianza hivi: "Nanga imeng'olewa, mwenzangu hajafika, ee meli, ngoja kidogo." Meli tulizijua kwa kusimuliwa. Lakini nanga kwetu sisi Wahaya ni enanga, ile ala ya nyuzi ambayo mpigaji huipakata na kuipiga huku akisimulia habari za watawala wa zamani na vita vyao. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna nanga nyingine, ya chuma, inayokizuia chombo majini. Basi tukaelewa tulivyoweza: mtu mwenye wivu amezing'oa nyuzi za nanga ya mpigaji, na mpigaji anaisihi meli isiondoke mpaka afike rafiki yake wa kumfariji. Dada aliuimba polepole sana. Akifika kwenye "imeng'olewa" aliivuta sauti mpaka ukaona nyuzi zinakatika, mmoja baada ya mwingine. Sisi wasichana tuliokuwa nyuma yake na mitungi kichwani tulikuwa tukilia kabisa.

Nilipoolewa Maruku nilikwenda na wimbo huo.

Mume wangu alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, upande wa vitalu vya kahawa. Alikuwa kijana mpole, mpenda vitu vinavyozunguka: baiskeli, saa, cherehani. Mzungu mmoja aliyekuwa msimamizi wake alipohamishiwa Kenya alimwachia gramafoni yake, ile ya kuzungusha mpini kwa mkono, pamoja na santuri moja tu. Santuri yenyewe ilikuwa ya zumari za kwao, zile zinazopulizwa kwa mfuko wa ngozi. Tulipoipiga mara ya kwanza kuku wote waliokuwa uani walikimbilia migombani, na jirani akaja kuuliza kama tunahitaji msaada.

Mama mkwe wangu alikaa nasi. Alikuwa mjane, mwanamke mrefu, mwembamba, wa maneno machache. Alikuwa ameokoka tangu ule uamsho ulipofika makanisani mwetu, na walokole wa siku zile hawakuwa na mchezo na mambo ya dunia. Pombe, hirizi, ngoma na nyimbo za dansi, vyote walivitia kapu moja. Gramafoni ilipoingia sebuleni, yeye alihamia jikoni. Jiko letu lilikuwa kibanda cha pembeni, karibu sana na dirisha la sebule. Alibeba kigoda chake na Biblia yake ya Kiganda, ambayo ndiyo aliyojifunzia kusoma alipokuwa msichana, wakati vitabu vya Kihaya vilikuwa bado haba, akakaa huko. Hakugomba. Alisema tu, "Nyinyi ni vijana. Mimi nina njia yangu."

Kati yangu na yeye hapakuwa na ubaya. Hapakuwa na maneno tu. Tulimenya ndizi pamoja, tukapalilia pamoja, tukatandika nyasi mpya sakafuni pamoja, na jua likatua hatujaambiana zaidi ya salamu na "nipe kisu". Mimi nilitoka kwenye nyumba ya dada na wadogo wengi, nyumba ya kelele. Ule ukimya ulinielemea. Nilikuwa nikiimba ili nisikie sauti ya mtu.

Mume wangu alinisikia. Siku moja akarudi kutoka Bukoba mjini na santuri aliyoifunga kwa gazeti, ameishikilia kifuani huku akiendesha baiskeli kwa mkono mmoja.

"Huu hapa wimbo wako," akasema. "Keti."

Nikaketi. Akazungusha mpini, akaweka sindano. Wakatoka wanaume wawili na magitaa mawili, na mtu wa tatu akigonga chupa ya soda, ti-ti-ti, ti-ti-ti, kama mvua juu ya bati. Maneno yalikuwa yale yale, lakini yalikuwa yanakimbia. Kabla sijapata hata huzuni, wimbo ulikwisha.

"Si wenyewe," nilimwambia.

"Si wenyewe vipi? Mwenye duka ameniapia kwamba hawa ndio walioutunga."

"Basi wameuharibu. Mtu nyuzi zake zimeng'olewa, atacheza hivyo?"

"Nyuzi gani?"

Nikamweleza habari ya mpigaji wetu na wivu wa watu. Mume wangu alinitazama kwanza kwa makini, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi chini juu ya nyasi. Alipopata pumzi alichukua kijiti, akanichorea chuma chenye kulabu mbili na mnyororo. Nikanuna. Haikuwa aibu. Nilikuwa nimempoteza mtu. Yule mpigaji wa nanga nilimjua kwa sura, nilijua hata rangi ya kanzu yake, na sasa naambiwa hakuwapo.

Lakini santuri ilikuwa imekwisha kununuliwa, na nyumbani hapakuwa na nyingine ila ile ya kufukuza kuku. Nikawa naipiga mume wangu akiwa kazini. Kidogo kidogo nikaanza kusikia jambo ambalo siku ya kwanza sikulisikia. Wale wawili hawakuwa wakikimbia kwa furaha. Walikuwa wakikimbia kama mtu aliyechelewa, anayeshuka mlima kuelekea gatini huku anaona moshi wa meli. Ile chupa ilikuwa miguu yake. Nilipolitambua hilo niliinua sindano, nikairudisha mwanzo. Dada yangu alikuwa ameimba baada ya meli kwenda. Hawa waliimba meli ikiwa bado ipo.

Wakati ule wimbo huo ulikuwa umeenea kila mahali, na kila mwenye ala alitaka kuuimba kwa namna yake. Haukupita muda mrefu mume wangu akaleta santuri ya pili. Hii ilikuwa ya bendi kubwa ya dansi, ina tarumbeta na ngoma za kizungu, na mwimbaji wake alikuwa na sauti nzito kama ya mtu aliyeshiba. Mwendo ulikuwa wa kujivuta. Na maneno walikuwa wameyageuza. Hawakuiomba meli ingoje. Waliiambia, "Meli nenda zako, mimi nimezoea," halafu tarumbeta zikaitikia. Mume wangu aliipenda mno. Alisema hao ndio wanamuziki waliokwenda shule. Mimi nilisema wale wawili wa chupa wanaijua njaa, hawa wanaijua meza. Tulibishana hata wakati wa kula.

Santuri ya tatu ilitoka Kampala. Iliimbwa kwa Kiganda, na mwimbaji alikuwa mwanamke, mbele ya kodiani moja na ngoma ndogo. Sisi wawili hatukuitilia maanani sana. Kiganda chetu kilikuwa cha kubahatisha, kile ambacho Mhaya yeyote anaokota kwa sababu lugha ni ndugu. Tuliipiga kwa ajili ya kumalizia zamu, kisha tukairudisha kwenye mfuko wake.

Asubuhi moja nilikuwa jikoni na mama mkwe, tumekaa na karai la maji kati yetu, tunamenya ndizi. Mume wangu alikuwa kazini. Nilikuwa nikiimba chini chini kama kawaida yangu.

"Hapo umechanganya," mama akasema.

Nikalitazama karai. Nilidhani nimetia ndizi mbivu kati ya mbichi. "Nimechanganya nini, mama?"

"Maneno umechukua ya wale wawili, wanaoomba. Sauti umechukua ya wenye tarumbeta, wanaotukana. Huwezi kumwomba mtu kwa sauti ya kumtukana."

Kisu kilinisimama mkononi. Yeye aliendelea kumenya, hakuinua macho.

"Mama, kumbe unasikiliza?"

"Masikio hayana mlango," akasema. "Na lile dirisha lenu nalo halifungiki."

Sikujua kama nicheke au niombe radhi. Nikauliza swali lililonijia. "Basi katika wote, mama, ni yupi mzuri?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa shauri la shamba. "Yule wa Kiganda. Kwanza ndiye ninayemwelewa. Hao wa Kiswahili nawasikia nusu nusu. Mwanzoni nilidhani wanalilia enanga iliyovunjwa."

Nikapiga ukelele. Nikamweleza juu ya dada yangu, na mtoni, na machozi yetu ya bure, na kijiti cha mume wangu. Mama mkwe wangu aliweka kisu chini, akafunika mdomo kwa kiganja, mabega yakamtetemeka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la nguo yake, akasema, "Tena mimi nilikuwa nimemwombea huyo mzee wa enanga."

Tangu siku hiyo tulikuwa na la kuzungumza. Alinifafanulia santuri ya tatu neno kwa neno, maana sisi wenye gramafoni tulikuwa hatujaisikia hata kidogo. "Wale wawili wanaiomba meli ingoje," alisema, "na meli haimngoji mtu. Wale wa tarumbeta wanasema hawajali. Ni uongo. Asiyejali hapulizi tarumbeta kubwa namna ile. Wote hao wamesimama nchi kavu. Huyu mwanamke anasema, nimefunga mzigo wangu, nimepanda. Sikiliza kodiani yake, inapanda na kushuka kama maji."

Niliporudi sebuleni jioni ile na kuipiga, nilisikia maji.

Jumapili zetu zikabadilika. Baada ya ibada na chakula, majirani walikuja kusikiliza, wakakaa juu ya nyasi na hadi nje barazani. Tulipiga santuri zote tatu kwa zamu, kisha watu wakabishana. Vijana wa kituoni walisimama na tarumbeta pamoja na mume wangu. Wanawake wengi walikuwa upande wangu, wa chupa. Mzee mmoja fundi seremala alisema zote ni mbovu, lakini hakukosa kuja. Na katikati ya ubishi, kutoka jikoni, ikasikika sauti: "Rudisheni ya Kiganda! Hiyo mmeipiga mara moja tu!" Watu waliangua kicheko. Mama hakuvuka kizingiti cha sebule. Alikaa kwenye kigoda chake upande ule wa dirisha na kutoa hukumu zake kutoka huko, na watu wakawa wanazingojea.

Habari haikukawia kufika kwa wenzake wa ushirika wa walokole. Alasiri moja akaja rafiki yake mkubwa, mwanamke mnene aliyekuwa akiongoza nyimbo kanisani, ambaye walitubu siku moja na kushuhudia pamoja. Nilikuwa nachochea moto. Waliamkiana kirefu kama desturi, nikawaletea kahawa za kutafuna, halafu yule mama akasema, "Dada, nimesikia jambo. Nimesikia nyumbani kwako kuna dansi."

"Dansi hakuna," mama akajibu. "Kuna kusikiliza."

"Kusikiliza nini?"

"Jinsi watu watatu wanavyosubiri. Kaa usikilize kwanza, kisha unikemee. Nitakubali."

Akaniashiria. Nikaenda sebuleni, nikapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Niliporudi, mgeni wetu alikuwa ameinamisha kichwa. Nikajua maonyo yanakuja.

"Huyu mwanamke," akasema hatimaye, "anavuta pumzi katikati ya neno. Pale mwanzoni. Ningekuwa naye kwenye kwaya ningemrekebisha." Akatafuna kahawa yake. "Lakini sauti Mungu amempa. Hebu mwanangu, irudie."

Nikairudia. Mama alikuwa akiuangalia moto. Wimbo ulipokwisha, rafiki yake alimshika goti, akamwambia kwa sauti ya chini, "Unamkumbuka yeye."

"Namkumbuka kila siku," mama akasema.

Hapo ndipo niliposikia kwa kinywa chake jambo ambalo nilikuwa nimelisikia kwa minong'ono tu. Mume wangu alikuwa na kaka. Huyo kaka, mtoto wa kwanza wa mama, alipenda binti Mkatoliki wa kijiji cha jirani, na baba mkwe wangu akakataa katakata. Siku hizo Mlutheri kumwoa Mkatoliki lilikuwa jambo la kugawa ukoo. Baba na mwana walitupiana maneno ambayo hayazoleki. Kijana akavuka kwenda Uganda na yule binti, wakafunga ndoa huko, akawa fundi cherehani Kampala. Baba yake alipofariki, habari ilimfikia maziko yakiwa yamekwisha, na tangu hapo hakuthubutu kurudi. Wasafiri walileta salamu zake, na wasafiri walipeleka za mama. "Mwambieni aje," ndivyo alivyosema kila mara. Na kila mara jibu lilikuwa kwamba atakuja.

"Nimekuwa kama wale wawili wa chupa," mama alituambia jikoni pale. "Ngoja kidogo, ngoja kidogo. Baadaye nikawa kama wa tarumbeta. Mtu akiniuliza habari za mwanangu nasema, nimezoea." Akasimama, akachukua ufagio, akaanza kufagia mahali palipokuwa safi. "Mimi nataka kupanda meli."

Mume wangu aliposikia alikataa. Si kwa ukali, kwa hofu.

"Mama, hujawahi kupanda hata mtumbwi. Ukitazama ziwa kutoka mlimani unashikwa na kizunguzungu."

"Sitalitazama."

"Ngoja niombe likizo, niende mimi."

"Wewe si mama yake. Wewe akikwambia atakuja, utaamini, utarudi." Akamwekea mkono begani. "Mwanangu, maneno yamekwisha kupelekwa mara nyingi. Sasa nakwenda mimi mwenyewe."

Rafiki yake wa ushirika alisema watakwenda pamoja. Yeye alikwisha kwenda Uganda kwenye mikutano ya walokole, alijua gati, alijua pa kulala, alijua jinsi ya kukaa karibu na mashine ambako hakuyumbi sana. Tukawatayarishia safari. Tulichemsha kahawa na majani yenye harufu, tukaikausha, tukaifunga kwenye maganda makavu ya mgomba. Tulikaanga senene wa akiba kwa ajili ya wajukuu, maana wajukuu walikuwapo, ingawa hakuna aliyejua wanafananaje. Mama alivaa nguo yake ya Pasaka.

Tuliwasindikiza mpaka Bukoba. Meli ilikuwa gatini, nyeupe, kubwa kuliko nilivyofikiri. Mama aliishika mikono yangu yote miwili. Nilitegemea neno la wosia. Akasema, "Santuri zifunike, vumbi ni jingi msimu huu." Akapanda, akatazama mbele tu. Ilipovutwa ile nanga ya chuma nilisikia mnyororo ukilia, na mume wangu akanigusa kiwiko, akasema, "Hiyo ndiyo nanga."

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kimya tena, lakini ulikuwa ukimya wa namna nyingine. Tuliweka santuri mara moja, ya Kiganda, na ilipokwisha tukajikuta sote wawili tumegeuka kutazama dirisha la jikoni, tukisubiri hukumu. Hatukuipiga tena. Majirani walikuja Jumapili, tukazungumza tu. Mume wangu alikuwa na wasiwasi kwamba kaka yake atamficha uso, kwamba mama atarudi amevunjika. Mimi nilikuwa na wasiwasi wa maji. Usiku tuliomba.

Meli iliporudi, tulikuwa gatini tangu kulipopambazuka. Watu walishuka wengi, wenye mabunda, wenye baiskeli, wenye kuku. Nikamwona kwanza yule rafiki mnene, anafuta jasho na kucheka. Nyuma yake mama mkwe wangu, amesimama wima, hana kizunguzungu chochote. Alikuwa amemshika mkono msichana mdogo mwenye gauni la maua lililoshonwa vizuri ajabu. Na nyuma ya msichana, mwanamume mrefu, mwembamba, aliyekuwa akishuka ngazi polepole kama mtu asiyejua kama atapokewa.

Mume wangu alimwendea. Walisimama, wakatazamana. Alichukua tu mzigo wa kaka yake, akautia begani. Kaka akasema, "Umekuwa mkubwa." Mume wangu akasema, "Umechelewa." Kisha wakakumbatiana na mzigo ukaanguka.

Mama hakuwatazama. Alinigeukia mimi. "Mwanangu, nina habari," akasema, na macho yake yalikuwa yanang'aa. "Unajua kule Kampala wanasema wimbo ni wao? Wanasema huyu mwanamke ndiye aliyeutunga, na wale wawili wa chupa waliusikia kwake wakauiba. Nimebishana nao sokoni."

"Ukasema nini, mama?"

"Nikasema hata sisi Bukoba tuna wetu, una enanga." Akacheka tena, kule kucheka kwa mabega.

Njiani, ndani ya lori, alinisimulia. Alimkuta mwanawe kibarazani mbele ya cherehani, ameinama. Alisimama mbele yake mpaka kivuli chake kikaanguka juu ya kitambaa. Mwanawe akasema kwa Kiganda, bila kuinua kichwa, kwamba kazi ni nyingi, arudi kesho. "Nikamwambia kwa Kihaya, kesho nitakuwa nimezeeka zaidi." Alisema kijana alibaki ameshika kitambaa, ndipo mke wake alipotoka ndani, akapiga magoti na kumwamkia mama kama anavyostahili kuamkiwa mama mkwe. "Yule msichana tuliyemkataa," mama akasema. "Alinipikia ndizi kama za kwetu. Mimi ndiye niliyelala nikiona haya, si yeye."

Tulipofika Maruku, shemeji hakuingia nyumbani moja kwa moja. Aliomba aonyeshwe kaburi la baba yake, pale kibanjani kati ya migomba. Mama alimpeleka, sisi tukabaki nyuma kidogo na yule mtoto. Alisimama pale amevua kofia. Hatukusikia alichosema. Mama tulimsikia, maana hakunong'ona: "Baba yako alikuulizia siku zile za mwisho. Hakujua namna ya kusema. Watu wengine sauti yao na maneno yao havikai pamoja. Mimi nilimwelewa, kwa hiyo nakwambia mimi." Shemeji akachuchumaa, akaanza kung'oa magugu pembeni ya kaburi, na mama akachuchumaa upande wa pili, wakapalilia wote wawili mpaka pakawa safi.

Jumapili ile sebule haikutosha. Shemeji alisikiliza santuri zote tatu kwa heshima, kisha, pamoja na kuishi Kampala miaka yote ile, akasema anapenda tarumbeta. Vijana wa kituoni walimbeba juu. Mama alikuwa ameketi ndani safari hii, mkekani karibu na mjukuu wake. Sijui ni lini hasa aliamua kuvuka kizingiti, sikumwona akivuka. Alimtazama mwanawe wa kwanza, akatikisa kichwa, akasema, "Nimesafiri siku zote hizo kumleta mtu wa tarumbeta."

Alimwomba aimbe basi, ili tumwone. Shemeji akaimba kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiganda, mwendo wa tarumbeta, lakini alipofika penye "nimezoea" aliruka hapo akaendelea mbele. Yule mama wa kwaya akasema, taratibu, "Hapo pasahihishwe. Weka nimefika." Akapaweka. Watu wote wakaitikia, na ikawa ndivyo tulivyouimba pale kwetu.

Shemeji alikaa mpaka mavuno ya kahawa yakaanza, ndipo akarudi kuuza vitu vyake na kuchukua mke na mtoto wao mdogo aliyebaki naye. Sehemu yake ya kibanja ilikuwapo. Baba mkwe hakumpa mtu mwingine, na mama alikuwa akiipalilia miaka yote bila kusema ni ya nani. Siku walipohamia, majirani wote walileta machipukizi ya migomba ya kupanda, kila nyumba aina yake, wanaobishana kwa ajili ya chupa na wanaobishana kwa ajili ya tarumbeta. Hata yule seremala alileta, akasema ni ya ndizi nzuri kuliko zetu zote.

Mke wa shemeji aliendelea kusali misheni, kwa Wakatoliki, na hakuna aliyemsumbua. Jumapili tulitoka nyumbani pamoja, mama mkwe wetu katikati, tukaagana penye njia panda. Misa iliisha mapema kuliko mahubiri ya kwetu. Kwa hiyo yeye ndiye aliyetangulia kurudi na kuwasha moto, na sisi tulipofika, ndizi zilikuwa zimekwisha kuanza kuchemka.